Tairi Jeupe la Baba

Nianze na tairi, maana bila tairi mtadhani mimi ni mwanamke mwenye kinyongo tu na ndugu zake. Kinyongo ninacho, sikatai. Lakini kina sababu yake, na sababu yenyewe ni tairi la trekta lililojazwa zege, likapakwa rangi nyeupe na kulazwa kwenye nyasi kando ya njia ya ndege yetu.

Aliyelilaza pale ni baba. Alikuwa rubani, na ndege ilikuwa moja tu, ndogo, yake mwenyewe. Uwanja ulikuwa malisho ya zamani. Nyumba yetu iko upande mmoja, na mwisho kabisa uko mtaro mpana wa kupitisha maji ya mvua. Uwanja wa nyasi ni kigeugeu. Leo umekauka, ndege inateleza kama iko kwenye lami. Kesho imenyesha, nyasi zinashika magurudumu, nawe umekaa ndani hujui. Ndege yetu ni ya zile zinazokalia mkia: pua iko juu, na ukianza kukimbia mbele huoni kitu ila injini na mawingu. Unachokiona ni cha dirisha la pembeni. Ndiyo maana ya tairi. Ukilifikia na ndege bado nzito, unakata moto wa injini na kukanyaga breki, na nyasi zilizobaki zinakutosha kusimama kabla ya mtaro. Baba hakutaka mjadala hapo. Usibishane, alisema, usiseme bado kidogo, kata.

Sheria yake ya pili ilikuwa hii: mmoja anaruka, mmoja anatembea. Anayetembea anaukagua uwanja mzima kwa miguu kabla ya kila safari. Anaokota mawe, anaziba mashimo ya panya, halafu anasimama kando ya tairi na kuinua mkono. Anayeruka haulizi swali. Akiuona mkono, anakwenda. "Wa juu akianza kumkagua wa chini, hamtaruka kamwe," baba alituambia. "Na wa chini akianza kumfundisha wa juu, mtakufa." Alituambia sisi wawili, mimi na kaka, kwa sababu hakuwa na watoto wengine.

Tulipokuwa wadogo tuliwahi kulibiringisha lile tairi. Mmoja peke yake halimwendi, hata awe na nguvu za punda, kwa hiyo kaka alishika huku na mimi nikashika kule. Tulikuwa tunataka kuona wadudu walioko chini yake, basi. Baba alitukuta. Hakuwa mtu wa fimbo, lakini siku ile tulikula fimbo ambazo hadi leo nikiliona tairi lolote la trekta najishika nyuma.

Baba alipofariki mambo yalijipanga yenyewe. Mimi nilikuwa na leseni, nikawa wa juu. Kaka alikuwa na mdomo mzuri wa kuzungumza na wateja na miguu ya kutembea, akawa wa chini. Mama aliendelea kuishi katika nyumba ile ile na kufuga kuku wake. Mimi na kaka tulikuwa chanda na pete. Ningeulizwa nani duniani nitamkabidhi shingo yangu, nisingefikiri mara mbili, na kwa kweli kila asubuhi nilikuwa namkabidhi.

Sasa, mimi ni mtu wa kukata. Nikifika kwenye tairi na ndege haijawa nyepesi mkononi, nakata, narudi mwanzo, nashusha mzigo mmoja, najaribu tena. Abiria hawapendi. Mtu ameshafunga mkanda, ameshawaaga watu wake, ameshapiga picha, halafu anarudishwa kama mwanafunzi aliyesahau daftari. Wakaniita Breki. "Leo tunaruka na nani? Na Breki? Basi ngoja kwanza ninywe chai." Mimi nilikuwa nacheka. Nilijua Breki yuko hai na abiria wake wote wako hai, kwa hiyo jina lilinikaa vizuri tu.

Waliokuwa hawacheki ni wa nyumbani. Kaka alikuwa anawapoteza wateja, wanakwenda kwa mwenye ndege mwingine upande wa pili wa mto, ambaye harudishi mtu. Na mama, sokoni, walianza kumwita Mama Breki. Alirudi siku moja na kikapu chake, akakiweka mezani kwa kishindo. "Nimezaa mtoto au nimezaa kipuri?" Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Mama hakucheka, na mimi, kwa ujinga wangu, niliona ni hasira ya siku moja.

Haukupita muda, nikakuta tairi limepakwa rangi upya. Linang'aa. Baba alipokufa hakuna aliyekumbuka kulipaka, lilikuwa limeshakuwa la kijivu. Nikamshukuru kaka kwa moyo wote. Nilimwambia, "Baba angekuona leo angefurahi." Kaka akatazama viatu vyake. Siku hiyo hiyo nilimkuta mama jikoni anasugua vidole kwa mafuta ya taa, na ndara zake zina madoa meupe.

"Mama, umeanza ufundi rangi uzeeni?"

"Nimepaka banda la kuku," akasema. "Nalo liwe na sura."

Nikamwambia kuku wa siku hizi wana raha, akanifukuza jikoni.

Safari zilizofuata zikaenda vizuri ajabu. Ilikuwa kiangazi, mizigo myepesi, na kila mara ndege ilikuwa imeshanyanyuka kabla sijaliona tairi. Sikurudisha mtu hata mmoja. Kaka akawa ananipokea kwa makofi. "Unaona? Breki imekwisha kazi. Sasa wewe ni rubani kamili, hata baba hakuwa hivi." Alinivika kilemba cha ukoka na mimi nikakivaa, tena nikakiweka sawa kichwani.

Halafu mvua ikanyesha usiku kucha, na asubuhi akaja daktari wa mifugo.

Huyu daktari alikuwa mteja wetu wa siku nyingi, mtu mnene, mcheshi, anayezungumza na ng'ombe kwa heshima kuliko anavyozungumza na watu. Alikuwa na masanduku ya chanjo yaliyojaa barafu, mazito, na ng'ombe walikuwa wanakufa huko alikokuwa anakwenda. Nilimwambia kaka tuache sanduku moja, nitalirudia.

"Kwa nini?" kaka akasema. "Nimeutembea uwanja wote. Umenyonya maji, umekauka."

"Umekauka na usiku kucha ilikuwa inapiga?"

"Mdogo wangu, nani anatembea hapa? Mimi au wewe?"

Akanishika pale. Sheria ni sheria. Nikapanda, daktari akapanda akinung'unika kuhusu mkanda, akaniuliza, "Breki, leo utanirudisha mara ngapi?" Nikamwambia hata moja.

Nikaweka moto wote. Ndege ikaanza kukimbia na papo hapo nikahisi nyasi zinaishika, ule uzito wa kuvutwa nyuma na mtu asiyeonekana. Nikawa natazama dirishani nikisubiri tairi. Nakumbuka kuwaza, mbona halifiki? Halafu likafika, jeupe, na kaka kando yake ameinua mkono, na ndege ilikuwa bado nzito. Nikakata. Nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili, pale pale kwenye tairi, kama nilivyofundishwa.

Mtaro ulifika kabla sijamaliza kushangaa. Pua ikaingia, mkia ukainuka, tukasimama wima kidogo kana kwamba ndege inafikiri, halafu ikalala chali taratibu. Nikajikuta naning'inia kwenye mkanda, nywele zinagusa dari, petroli inanuka, na barafu ya chanjo inanidondokea usoni. Pembeni daktari akasema kwa sauti ndogo, "Rubani, tumefika?" Alikuwa amevunjika mfupa wa bega na bado alikuwa na mzaha. Nilimfungua, nikamvuta nje kwa kola kama gunia. Haikuwaka. Namshukuru Mungu kwa hilo kila siku.

Kaka alikuja mbio. Mtu angetegemea aseme "umeumia?" Mimi nilitegemea hivyo. Alichosema ni, "Umekata wapi?"

"Kwenye tairi," nikasema.

Macho yake yakaenda nyuma, kule uwanjani. Nilidhani ni mshtuko.

Hospitali walinilaza kwa sababu ya kichwa. Jioni nilikuwa natazama mlango nikimsubiri mama, hakuja. Alikuja asubuhi, anatembea ameshika mgongo, akaniambia jana kiuno kilimkamata hata kitandani hakuweza kugeuka. Mimi mgonjwa ndiye niliyempa pole. Nilimwambia akae, nikamsogezea mto wangu auweke mgongoni.

Waliponiruhusu nilikwenda moja kwa moja uwanjani. Ndege ilikuwa bado chali. Nikatafuta alama za breki kwenye nyasi. Zilikuwepo, michirizi miwili ya udongo iliyochimbika, wazi kabisa. Lakini pale zilipoanzia hapakuwa na tairi. Palikuwa na jivu. Mtu alikuwa amerundika nyasi na kuzichoma, duara jeusi, na nyasi mbichi hazishiki moto hivihivi, palinuka mafuta ya taa. Tairi nililiona mbali huko nyuma, karibu na nyumba, limelala mahali alipoliweka baba. Nilisimama katikati ya jivu na tairi, nikawa natazama huku na kule kama mjusi aliyebanwa na mlango. Halafu nikaelewa, nikakaa chini kwenye nyasi na unyevu wake wote.

Lilikuwa limesogezwa mbele. Siku ile ya rangi mpya, mimi nikaona rangi tu, sikuona mahali. Mimi nilikuwa nakata pahali pasipo na nyasi za kunisimamisha, na kaka alikuwa anasimama hapo hapo na kuniinulia mkono. Na sasa lilikuwa limerudishwa, na alama yake kwenye nyasi kuchomwa, ili yeyote atakayekuja aone kwamba rubani alilipita tairi, akaendelea, akashtuka akiwa amechelewa.

Nilimkuta kaka kwenye kibanda cha mafuta. Sikusalimia.

"Ulilisogeza."

Alijaribu kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kichwa changu kimegongwa, nipumzike. Nikarudia. Mwisho akakaa juu ya pipa.

"Nilitaka kukupa nafasi," akasema. "Wewe ulikuwa unakata mapema mno. Kila mara unakata, na ungesubiri kidogo tu ingepaa. Nikasema akipewa nafasi ataona mwenyewe. Na si uliona? Si ulikuwa unapaa?"

"Kiangazi, kaka! Kiangazi hata meza inapaa!"

"Sikujua mvua itafanya vile."

"Na kulirudisha? Hilo nalo ulikuwa unanipa nafasi?"

Akaanza kulia, mtu mzima, na kuniambia wakijua tairi lilisogezwa watamfunga, watoto wake wataishi vipi, wakati mimi wataninyang'anya leseni tu. Alisema hivyo hivyo, leseni tu. Kana kwamba ni kadi ya kliniki. Nilikuwa nimeanza kuruka nikiwa nimekalia mito miwili ili nione dirishani, sijui kazi nyingine, wala sitaki kuijua.

"Nani alikusaidia?" nikamwuliza. "Peke yako huliwezi."

Akafuta macho. "Mtu tu," akasema, akainuka kwenda kufunga kibanda.

Mkaguzi wa ajali alikuja kesho yake, mtu mpole mwenye viatu vya mvua, asiyeharakisha sentensi. Alikuwa ameshatembea kwenye michirizi ya breki kabla hajagonga mlango. Tulikaa barazani, mimi na kaka na yeye, na mama akaleta chai kisha akakaa kwenye kigoda chake mbele ya banda la kuku, akichambua punje.

"Rubani," mkaguzi akasema, "breki zako zinaanzia mbali sana baada ya lile tairi. Nimeambiwa tairi ndiyo alama yenu ya kukata. Nieleze."

Nikamweleza. Nilisema tairi lilisogezwa, nikakata lilipokuwa, na limerudishwa wakati niko hospitali. Nilisema mbele ya kaka, na sikumtazama.

"Uchungu wa ajali," kaka akamwambia mkaguzi kwa upole, upole ambao nilitaka kumpiga nao. "Mimi hapa niko peke yangu, bwana. Tairi lile lina zege. Jaribu mwenyewe."

Mkaguzi alikwenda akajaribu. Alilisukuma, akaliinamia, akarudi anapangusa mikono. "Mtu mmoja haliwezi," akakubali. "Lakini pale breki zinapoanzia kuna jivu. Jivu la nini?"

"Nyasi za kufyeka. Nachoma mara kwa mara."

Mkaguzi alikunywa chai yake. Niliona hajaridhika, na roho yangu ikapanda. Akasema, "Hapa nina neno la mmoja dhidi ya mmoja. Hakuna mtu mwingine anayeuona uwanja huu?"

"Yupo!" nikasema, na nilisema kwa furaha, Mungu wangu, kama mtu aliyekumbuka ufunguo uko mfukoni. "Mama. Kila asubuhi anafungulia kuku, uwanja wote uko mbele ya macho yake. Muulize mama."

Mkaguzi akageuka. "Shikamoo mama. Lile tairi, kabla ya ajali, lilikuwa wapi?"

Mama aliendelea kuchambua punje. Alichambua nyingi. Halafu akasema, bila kuinua uso, "Liko hapo hapo alipoliweka baba yao."

Nilidhani hakusikia swali. Nikataka kumrudishia kwa sauti kubwa, jinsi tunavyofanya na wazee, na ndipo macho yangu yakashuka kwenye miguu yake. Ndara zile. Madoa meupe yalikuwa bado kwenye ukingo, yamekauka. Nyuma yake lilikuwa banda la kuku, mbao tupu, za kahawia, zenye misumari yenye kutu. Banda lile halijawahi kuguswa na rangi tangu lilipojengwa. Nilikuwa nalipita kila siku.

Mama aliona ninapotazama. Akauvuta mguu mmoja chini ya gauni, kisha wa pili.

"Rubani?" mkaguzi akaniita. "Una la kuongeza?"

Nilikuwa nalo. Lilikuwa mita chache kutoka kwenye kiti chake, limefichwa chini ya gauni. Ningesema neno moja, mkaguzi angeinuka, angeinama, angeona. Leseni yangu ingebaki mfukoni. Na mama yangu angevuliwa ndara mbele ya mgeni. Nilimtazama, nikisubiri aseme yeye. Nilimpa nafasi. Ndiyo, mimi pia nilimpa nafasi, ndefu, hadi mkaguzi akakohoa.

"Sina," nikasema.

Na mama akashusha pumzi. Niliisikia kutoka pale nilipokaa, pumzi ya mtu aliyetua mzigo kichwani. Akachukua ungo wake akawamwagia kuku.

Leseni niliitoa siku hiyo hiyo. Mkaguzi aliipokea kwa mikono miwili, nadhani alijua kuna kitu, lakini huwezi kuandika unachodhani. Kaka hakutoka ndani kumsindikiza.

Jioni mama alinifuata chumbani nikiwa nafunga begi. Akasimama mlangoni.

"Mwanangu, kaka yako aliniambia ni kukupa nafasi ya kukimbia zaidi. Mimi na ndege wapi na wapi? Nilitaka tu waache kukuita vile. Nilichoka. Kila nikienda sokoni, Mama Breki, Mama Breki."

"Hilo nimelielewa, mama," nikamwambia, na ni kweli nilikuwa nimelielewa. "Hukujua. Na mara ya pili?"

Akaanza kuukung'uta upindo wa gauni.

"Mara ya pili nilikuwa hospitali. Ulikuwa umeshaiona ndege iko chali. Ukashika upande mmoja wa tairi, hata kiuno kikakukamata, na mimi nikakupa mto wangu. Mara ya pili, mama, hukujua nini?"

Akasema kuku hawajafungiwa, akaondoka. Nilimsikia nje akiwaita kwa sauti ile ile aliyokuwa anatuitia sisi tukichelewa kurudi kula.

Sasa nakaa mjini, nauza vipuri vya pikipiki kwenye duka la mtu. Kaka amempata rubani mwingine, kijana asiyerudisha abiria. Nilimtumia ujumbe kijana yule, nikamwambia autembee uwanja mwenyewe kabla ya kila safari, hata wakimcheka. Hakunijibu. Mama huniletea salamu kupitia daktari wa mifugo, ambaye bega lake limepona na ambaye siku hizi anasafiri kwa gari. Juzi daktari aliniletea na mayai. Alikaa dukani kidogo, tukacheka, na katika maneno akaniambia sokoni hawamwiti tena mama yangu Mama Breki. Siku hizi wanamwita kwa jina la kaka, mama wa yule, na yeye anaitika.